Ishushwe Mbele

Sikuwa mfupi. Hilo nalisema kwanza, kwa sababu wajukuu wangu wakisimulia habari hii huanza na "Babu alikuwa mfupi," nami hupandwa na hasira kabla hawajafika mahali penye utamu. Pikipiki ndiyo iliyokuwa ndefu. Ilikuwa ya daktari Mzungu wa misheni pale Iringa, mtu ambaye akiingia wodini lazima ainamishe kichwa mlangoni, na ambaye akikalia pikipiki yake magoti yalikosa pa kukaa. Aliporudi kwao Ulaya akaiacha, na misheni ikaamua apewe dresa, maana dresa ndiye anayezunguka vijijini na sanduku la dawa. Dresa nilikuwa mimi.

Kuendesha sikuchelewa kujua. Kasheshe ilikuwa kusimama. Nikikaa kitini viatu vyangu vilining'inia hewani, na pikipiki ikikosa mguu wa kuishikilia hulala chini, nawe unalala nayo. Kwa hiyo nikawa na vituo vyangu. Hospitali nilisimama kwenye ukuta wa wodi ya wanaume. Sokoni palikuwa na mkaratusi. Njia ya Idodi ilikuwa na vichuguu, tena virefu vizuri, unakisogelea polepole, unakiwekea mkono, unashuka kwa heshima zako. Pasipokuwa na ukuta, mti wala kichuguu, nilizunguka mpaka mtu aje. Watu wa Idodi walinizoea, wakisikia mlio tu vijana wawili hutoka na kusimama njiani wamenyoosha mikono, nami najiingiza katikati yao. Kabla sijamuuliza mgonjwa anaumwa nini, neno langu la kwanza kijijini lilikuwa "nishikeni".

Sasa pale misheni alikuwapo binti mmoja wa Kisafwa, ametoka milimani juu ya Mbeya kuja kujifunza uuguzi. Alikuwa ananizidi urefu kidogo. Sikatai, ila tusisahau na kile kitambaa cha kichwani. Alikuwa na tabia ya kutania bila kucheka, uso mkavu kabisa. Siku ya kwanza aliponisemesha aliniuliza kama ule ukuta wa wodi nimeuoa, maana kila asubuhi anatukuta tumekumbatiana. Nikanuna kutwa nzima. Sisi Wahehe hasira zetu hazikai mbali. Lakini jioni nilijikuta nacheka peke yangu jikoni, nikajua nimekwisha. Nilimpenda yule binti, nasema wazi, nilimpenda hata uji nikauona hauna ladha siku asizokuwa zamu.

Tukakubaliana. Mjomba wangu akawa mshenga, akapanda basi kwenda Mbeya, akarudi na jibu kwamba baba wa binti anataka kwanza kumwona kijana kwa macho yake. Baba mwenyewe alikuwa mzee wa kanisa, mkulima wa viazi na pareto, mtu wa maneno machache. Mwenye akili angepanda basi. Mimi nilipanda pikipiki, kwa kuwa nilitaka nionekane ninayo. Mjomba akatangulia kwa basi ili aniandalie njia.

Vumbi la barabara ile ya Iringa kwenda Mbeya silielezi. Nilifika siku ya pili, nikapanda mlima, nikaingia uani. Mzee alikuwa amekaa kigodani mbele ya nyumba, mjomba wangu pembeni yake, kina mama wakichungulia kutoka jikoni. Nikatafuta ukuta. Ukuta wote ulizungukwa na maua ya mama mkwe, yamekaa kama yamepangiwa kunikomoa. Nikatafuta mti. Ulikuwapo mmoja, na umefungiwa ng'ombe dume. Nikatafuta vijana wa kunishika. Wote walikuwa wameshuka mashambani.

Nikazunguka uwanja.

Mnajua mkwe anavyoamkiwa. Kwao na kwetu ni vilevile, unashuka chini, unapiga goti au unachuchumaa, mikono pamoja, sauti ya pole. Nilijua yote hayo. Lakini ningefanyaje, nikae kimya nikipita mbele ya mkwe? Nikapita mbele yake nikasema, "Shikamoo, baba!" Mlio wa injini ukala jibu lake. Nikadhani hakusikia. Nilipozunguka tena nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, nikaambulia "mara". Mzunguko uliofuata ndipo nilipoipata "haba". Kuku walikuwa wamekimbilia juu ya paa. Mjomba wangu alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake.

Mwisho nikaliona ghala lao la mahindi, lile la fito, limesimama peke yake upande wa zizi. Nikaliegemea. Nalo likaniegemea mimi. Walinitoa chini ya mahindi na kunipangusa, na sikumbuki nilikula nini wala nilijibu nini siku hiyo, nakumbuka tu kwamba mahindi yalikuwa yakinidondoka shingoni kila nilipoinama.

Mjomba alibaki nyuma kupokea jibu. Alipofika Iringa nilimkuta nje ya nyumba yangu amekalia jiwe, anajikuna kidevu. Akasema mzee hakukataa. Alikuwa amesema atatoa neno lake Jumapili ya mavuno, baada ya ibada, mbele ya ukoo, na kwamba kijana aje mwenyewe.

"Ila kasema hivi," akaendelea mjomba. "Akija, ajishushe kwanza."

Nilipaa kwa hasira. Mimi nijishushe? Mtu wa kimo changu akiambiwa ajishushe anaambiwa aende wapi, aingie ardhini? Yaani mzee mzima wa kanisa amekaa kigodani kwake anacheka urefu wa mtoto wa mwenziwe! Nilizunguka ile nyumba kwa miguu kama nilivyozunguka uwanja wake kwa pikipiki. Mjomba akanituliza. Akasema yeye haoni kama nimetukanwa, maana mzee alieleza kidogo, alisema hakupendezwa mimi kumwamkia nikiwa huko juu.

"Huko juu wapi?"

"Juu ya pikipiki," akasema mjomba. "Nadhani kaiona ndefu."

Hapo nikatulia. Kumbe ni hilo tu. Mzee ameona pikipiki haimfai kijana, anataka ishushwe, kijana akanyage chini kama watu. Nikaona ni mtu wa busara kubwa, nikamwombea na afya. Nilipomweleza mchumba wangu kwamba baba yake anataka pikipiki ishushwe, akanitazama na ule uso wake mkavu. Akasema, "Basi ishushe." Akaondoka na beseni lake. Miaka yote tuliyoishi pamoja sijaweza kumsamehe kwa maneno yale mawili, na nimeshamwambia.

Fundi aliyezijua pikipiki za namna ile alikuwa Mbeya mjini. Wa Iringa alishaigusa yangu mara moja, ikarudi inapiga honi yenyewe. Likizo yangu nayo ilikuwa inaanza siku chache tu kabla ya Jumapili ya mavuno. Nikapanga vizuri: pikipiki itangulie kwa lori, fundi aitengeneze, mimi nifuate kwa basi niikute tayari, nipande nayo mlimani. Lori likapatikana, la mizigo, linakwenda hadi Tunduma. Tukaipakia juu ya magunia. Dereva alikuwa ameshawasha injini wakati namwelekeza utingo, kijana mchangamfu aliyekuwa amening'inia nyuma. Nikapaza sauti, nikamwambia aifikishe kwa fundi wa pikipiki pale Mbeya, na amwambie aishushe mbele, yaani aipunguze kimo upande wa gurudumu la mbele.

Akaitikia kwa kichwa. "Ishushwe mbele! Nimeelewa!"

Nikaenda kulala na moyo mweupe.

Nilipofika Mbeya kwa basi, moja kwa moja nikaenda kwa fundi. Alikuwa Mnyakyusa mnene, anaongea na spana iko mdomoni. Nikamwuliza kama kazi imekwisha. Akauliza kazi gani. Nikamwambia pikipiki. Akauliza pikipiki gani. Tukaulizana hivyo mpaka tukachoka, ikawa dhahiri kwamba hajaona hata tairi. Nikasema basi lori limepata ajali, nikaanza kuomboleza, na jibu la mzee lilikuwa siku tatu mbele yangu.

Tukiwa tumesimama pale nje, lori likatokea. Lakini halikutoka upande wa Iringa. Lilitoka upande wa Tunduma, linarudi. Pikipiki yangu ilikuwa juu kabisa, imefungwa kamba kati ya magunia, inatazama mbele kwa kiburi, na utingo amekaa karibu yake kama mlinzi. Nikaruka barabarani nikipunga mikono yote miwili.

"Shusha! Shusha!"

Yule kijana aliniona, akafurahi sana. Akanipungia.

"Mbele!" akaniitikia. "Nakumbuka!"

Wakapita. Mimi na fundi tukabaki tunakula vumbi.

Maelezo ya yule utingo niliyapata baadaye, na ninyi mtaamua kama alikuwa na kosa. Alisema wakati wanapakia, injini ilikula maneno yote, akasikia mawili tu, ishushwe mbele. Basi walipofika Mbeya akamwambia dereva mzigo huu unashuka mbele. Mbele ya Mbeya ikawa Tunduma. Pale Tunduma akauliza kama ndiyo mbele, wenyeji wakamwambia hapana, mbele ni kule ng'ambo, Rhodesia, lakini askari wa mpakani akakataa pikipiki isiyo na mtu kuvuka. Wakageuza lori. Sasa lori likitazama Iringa, mbele nayo ikahamia Iringa. Alipopita Mbeya na kuniona napunga mikono alidhani namkumbusha asisahau. Alipofika Rujewa, ambako walikuwa wanachukua mpunga, akachoka na mambo ya mbele, akaishusha.

Siku ile fundi alicheka mpaka spana ikamtoka. Mimi sikucheka. Fundi akaniambia malori yale yakirudi husimama Rujewa kupakia mpunga, nami nikadandia jingine lililokuwa linakwenda tupu, nikafika Rujewa kesho yake mchana. Pikipiki niliikuta uwanjani kwa mzee mmoja wa Kisangu, mfugaji, imefungwa kwa kamba ya ngozi kwenye kigingi kati ya ndama wake. Akanieleza kwamba hakuijua tabia yake, akaona heri aifunge. Majani walikuwa wameiwekea pia, ila hakusema kama iliyala. Nikamshukuru kwa dhati. Wanawe wakanishika nikapanda, na nikaondoka bila kuzima injini mpaka Mbeya, ambako fundi alinidaka mlangoni kwake kwa tumbo lake. Ilikuwa Ijumaa jioni.

Jumamosi asubuhi akaanza kazi. Kwanza alinikalisha kitini pikipiki ikiwa imesimama wima, msaidizi ameishika, akapiga magoti na kupanga viberiti chini ya soli yangu, kimoja juu ya kingine, mpaka viliponigusa. Vilikuwa vitatu. Akasema hiyo ndiyo shida yangu yote duniani, viberiti vitatu. Nikamwambia afanye kazi.

Miguu ya mbele ya pikipiki ile ilikuwa mabomba mawili, na ndani ya kila bomba mna springi ndefu imekaa kwenye oili. Springi ndiyo inayobeba sehemu ya mbele. Ukiitoa ndefu ukaweka fupi, pua ya pikipiki inashuka, na kiti kinashuka nyuma yake kidogo. Fundi akafungua gurudumu, akamwaga oili kwenye kopo, akazivuta zile springi za daktari nje. Akaingiza nyingine, za pikipiki ndogo iliyomfia pale uani siku nyingi. Zilikuwa fupi, tena nyembamba. Akairudishia pikipiki gurudumu lake, akaiketisha. Ikazama, ikapumua.

Tukapima tena. Kiberiti kimoja bado kilikuwa kinapita. Fundi akafikiri, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kipande cha tairi la lori. Akakata soli mbili nene, akazigongelea misumari chini ya viatu vyangu vya kanisani. Nikapanda. Nikaweka miguu chini, wa kulia na wa kushoto, yote miwili kwa pamoja, nikakaa hivyo peke yangu bila ukuta, bila mti, bila mtu. Nasikia haya kusema, lakini machozi yalinilengalenga. Fundi akageuka akajifanya anatafuta spana.

Wakati naondoka alinieleza neno moja. Akasema zile springi ni laini kwa pikipiki ile, kwa hiyo nisishike breki ya mbele kwa nguvu, maana itainama. Nikamjibu iiname, kwani kuinama ni dhambi? Nilikuwa na haraka.

Jumapili nikapanda mlima. Ibada ilikuwa imekwisha, uwanja wote umejaa ukoo, watu wamekaa kwa safu na nguo zao za kanisani. Mzee yupo kigodani palepale. Mjomba pembeni yake. Mchumba wangu, ambaye alipewa ruhusa kuja kwao, alisimama mlangoni mwa jikoni na mama yake. Ghala lilikuwa limejengwa upya, na mbele yake, naapa, walikuwa wamewasimamisha wanaume wanne.

Nikaingia taratibu. Sikuzunguka. Nilielekea kwa mzee moja kwa moja, niwaonyeshe wote namna mtu anavyosimama, na nilipokuwa hatua chache kutoka kigodani nikashika breki ya mbele. Kwa furaha nikaishika kwa nguvu.

Pikipiki ikapiga magoti. Siongezi chumvi. Pua yote ilizama, taa ikatazama vidole vya miguu vya mzee, mkia ukainuka, nami nikateleza kutoka kitini hadi juu ya tangi, kofia ikanitoka kichwani ikatua mbele yake. Halafu ikajiinua polepole, ikatulia. Miguu yangu yote miwili ilikuwa chini. Nimesimama.

Mzee akaitazama pikipiki, akainuka, akaja akaizunguka, akaweka mkono kwenye usukani na kuubonyeza. Ikainama tena. Akauachia. Ikainuka. Akarudi kukaa.

"Hii imejishusha," akasema. "Mwenyewe je?"

Sikuelewa. Nikaanza kumweleza habari za viberiti, na springi, na Tunduma, na yule mzee wa Rujewa na ndama zake. Nilieleza kwa kirefu. Mjomba alikuwa ameanza kukohoa. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, na midomo yake ilikuwa inafanya kazi kubwa ya kutulia.

"Mwanangu," akasema, "nilisema ujishushe wewe. Uniamkie ukiwa chini. Mambo ya pikipiki mimi ningeyajulia wapi?"

Mlangoni mwa jikoni mtu alicheka, na nilimjua kwa kicheko ingawa sikuwahi kukisikia.

Jamani, hasira niliyoipata! Nilitaka kumgeukia mjomba, nilitaka kumgeukia yule binti, nilitaka kurudi Tunduma nikamtafute utingo. Viberiti vitatu vyote vile, barabara yote ile, na kumbe mzee alitaka goti! Nikainua mguu nishuke kwa hasira zangu, nikawaambie watu maneno yangu nikiwa wima. Ile soli ya tairi ikanasa kwenye kiki ya kuwashia injini. Nikavuta. Msumari ukakatalia. Nikavuta tena, kiatu kikabaki juu, mimi nikaja chini kwa magoti yote mawili, mbele ya kigoda, mikono imekutana yenyewe kwa kuogopa kuanguka kifudifudi.

Nilipoinua macho, uso wa mzee ulikuwa karibu na wangu, na haukuwa ukicheka tena. Hasira ikanitoka, sijui ilipitia wapi. Niliona tu mtu mzima ambaye nataka anipe mtoto wake, nami nina kiatu kimoja.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba," akajibu.

Niliipata yote, kwa mkupuo mmoja, bila injini kuikata. Akaokota kofia yangu, akaikung'uta kwenye goti lake, akanivika.

Mke wangu husema nilianguka. Mimi husema nilipiga magoti. Tumebishana juu ya jambo hilo tangu wakati ule, mbele ya watoto na sasa mbele ya wajukuu, na kila upande una mashahidi wake. Mzee aliishi miaka mingi baada ya hapo, na alitembelea nyumba yetu mara nyingi, na kila alipofika nilimwamkia nikiwa chini. Lakini siku ile ilikuwaje, hakuniuliza.